Shangazi, nina dodoso 384 na sijui ninapima nini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja. Uzamili nilimaliza mwaka juzi. Mwaka jana nilibahatika kuchaguliwa kwenye mafunzo ya wiki mbili ya watafiti chipukizi wa usalama barabarani. Tulikuwa wa kila aina: madaktari, wahandisi, mwanasheria mmoja, na mimi mtu wa takwimu. Tukafundishwa kuandika andiko, kutumia programu ya kuchambua data na kusoma makala za majarida bila kuogopa. Nikarudi na cheti, mfuko wa kitambaa na hamu ya kazi.

Sasa niko mwaka mmoja baadaye na hamu inaniishia. Msimamizi wangu ni Profesa ninayemheshimu kama baba. Nilimpelekea mawazo matatu, akayaweka pembeni, akasema nifanye utafiti wa uzingatiaji wa sheria kwa waendesha bodaboda, kwa dodoso, watu 384. Shangazi, hiyo 384 unaijua. Hakuna tasnifu chuoni kwetu isiyo nayo.

Nimeshajaza 211. Swali la 14 linauliza: "Je, huvaa kofia ngumu kila unapoendesha?" Waliojibu ndiyo ni 203. Jumanne iliyopita nilichoka, nikafunga kompyuta, nikanunua soda nikakaa pale pale kijiweni. Katika bodaboda kumi za kwanza zilizoondoka mbele yangu, madereva wanne tu walikuwa wameivaa, na mmoja wa hao mkanda wa kidevuni ulikuwa unapepea. Mwingine alikuwa ameitundika kwenye kiwiko kama kikapu. Abiria, hata mmoja. Na hao ni vijana wale wale niliowahoji wiki iliyotangulia. Nikamuuliza mmoja, akacheka: "Sasa dada, ulitaka nikujibu nini?"

Jambo la pili ni kituo cha polisi. Nilikwenda mara tano nikaambiwa njoo kesho. Mara ya sita afande mmoja alinionea huruma, akanifungulia rejista nusu saa. Nikasoma mstari mmoja kuhusu mama aliyegongwa na lori akafariki. Mwisho wa mstari: "Chanzo: uzembe wa mtembea kwa miguu." Mahali palipotajwa napafahamu, nikaenda. Kivuko cha milia kipo, lakini rangi imefutika, unaiona ukiwa umeshaikanyaga. Kituo cha daladala kiko upande mmoja na soko liko upande wa pili. Ukishuka, mbele yako kuna mtaro ulio wazi, kwa hiyo watu wote hupita kwenye kipande kimoja chenye ubao, na ubao huo hauelekei kwenye kivuko. Taa hakuna. Mama aligongwa saa 1 na robo usiku.

La tatu sijamwambia mtu. Nilipokuwa napitia mafaili ya majeruhi hospitalini nilikuta jina la kijana niliyemfundisha hesabu nikiwa mafunzo kwa vitendo. Alifariki siku ya kumi na moja. Tangu hapo usingizi sipati vizuri. Ofisini nikisema watanicheka, kwamba mimi wa takwimu nalilia nini.

Mwenzangu mmoja ananiambia niachane na barabara, fedha ziko kwenye tabianchi na akili bandia. Huku nitabaki na vumbi. Shangazi, nimalizie hizo 384 nipate makala yangu ninyamaze, au nibishane na Profesa? Na je, hii ni kazi ya mtu kujengea maisha?

Mwenye Dodoso, Mkoa wa Pwani

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na la tatu, uliloliweka katikati ya mengine kana kwamba ni dogo. Mimi kabla ya utafiti nilikuwa nesi wa wodi ya majeruhi. Wodini nililia mara chache, kwa sababu mgonjwa ukimhudumia mikono ina kazi. Nilipoanza kukusanya data ndipo nilipolemewa: faili halikuombi maji, halikuombi chochote, unaligeuza tu na kuhamia la pili. Kwa hiyo usishangae kwamba wewe wa takwimu umelemewa. Ungekuwa hujalemewa ningekuuliza kama unayasoma.

Faili la yule kijana na mengine ya mwezi ule mpe mtu mwingine ayajaze. Kuanzia sasa majina yasiingie kwenye kompyuta yako kabisa. Weka namba, na orodha ya majina na namba ibaki imefungiwa hospitalini. Hilo kamati ya maadili ilitakiwa ikuambie, na huenda ilikuambia. Fanyeni wawili, mchana, na mafaili ya vifo msiyarundike siku moja. Waandaaji wa yale mafunzo waandikie uwaambie lililokupata, maana wiki mbili za programu za uchambuzi bila hata saa moja ya jambo hili ni upungufu wao, si wako. Usingizi ukiendelea kukukimbia, nenda kwa mtu wa ushauri nasaha. Wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Sasa hizo 203.

Dodoso lako halijakosea. Limepima kitu kingine. Limepima kama vijana wa kijiweni wanajua sheria inasemaje, na jibu ni kwamba karibu wote wanajua: 203 kwa 211 ni asilimia 96. Hayo ni matokeo mazuri. Yanakuambia kwamba semina nyingine ya kuwaelimisha vijana wavae kofia haitaongeza kitu, maana elimu wanayo. Tatizo liko kati ya kujua na kuvaa, na mapema tu umeshapata mlango wa kuliingilia, ukiwa na soda mkononi. Ila watu kumi si utafiti. Ndiyo maana nataka ukahesabu.

Hesabu hii haihitaji mfadhili. Chagua vijiwe na kona za barabara kwa kura, siyo vile vilivyo karibu na kwenu. Chagua saa kwa kura pia: asubuhi ya wafanyakazi, mchana wa jua kali, jioni, na Jumapili. Karatasi yako iwe na safu chache tu: dereva amevaa na kufunga, amevaa hajafunga, hakuvaa, abiria hivyo hivyo, abiria ni mwanamke, mwanamume au mtoto. Safu ya "hajafunga" usiiache, maana kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla ya kichwa kufika chini. Shirika la Afya Duniani linasema kofia ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74, na neno lenye uzito hapo ni "sawasawa". Halafu mchukue mwanafunzi wako mmoja, msimame pamoja nusu saa mkihesabu bila kuongea, kisha mlinganishe karatasi. Mkitofautiana sana, shida iko kwenye karatasi, irekebisheni kabla ya kuanza.

Ukishapata hesabu ya macho, iweke pembeni ya swali la 14. Hapo ndipo utafiti wako unaanza. Na usiishie kwenye kofia ipo au haipo. Kaa uzungumze na wachache, bila dodoso. Waulize nani anaendesha pikipiki ya hesabu, kwamba jioni lazima apeleke fedha kwa tajiri, na nani yuko kwenye mkataba, kwamba baada ya miezi kadhaa chombo kitakuwa chake. Waulize hao wa mkataba kama wanaendesha vilevile na wale wa hesabu. Jibu sitakutajia hapa, ila mimi ningeanza hapo. Waulize pia akina mama kwa nini hawavai ile kofia ya abiria. Mtu aliyekaa saa tano anasukwa haweki kichwani kofia iliyotoka jasho la watu thelathini. Sheria hailioni hilo, ila kila msusi analijua.

Kuhusu hiyo 384, naona imekuwa kama mahari iliyopangwa kabla ya kumwona bibi harusi. Fomula ile ya kupata idadi ya watu wa kuhojiwa inakupa 384 kama unakisia asilimia 50, unakubali kukosea kwa asilimia 5 huku na huku, kwa uhakika wa asilimia 95, na, hili ndilo watu hulisahau, kama umechagua watu wako kwa bahati nasibu mmoja mmoja. Wewe umechagua kwa vijiwe. Vijana wa kijiwe kimoja wanafanana: mwenyekiti wao mmoja, fundi wao mmoja, tabia zao zinaambukizana. Kwa hiyo watu wako 384 wana uzito wa watu pungufu ya hapo. Tena uliowakuta wamekaa saa nne asubuhi ni wale wasio na abiria. Wenye haraka, ambao ndio tunaowaogopa, wako barabarani.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kidogo tu kuhusu ule mstari wa rejista, lakini sitaweza.

Afande yule hakudanganya. Fomu ilimpa nafasi ya chanzo kimoja, akaandika kimoja. Katika miaka ya 1960 na 1970 daktari mmoja wa Marekani, William Haddon, alitufundisha kuitazama ajali kwa jedwali: kabla ya kugongana, wakati wa kugongana na baada ya kugongana, na katika kila hatua mtu, chombo na mazingira. Mafunzoni lazima mmelichora. Basi mchukue yule mama ulijaze. Kabla: kivuko kilichofutika, ubao unaoelekea kusikokuwa na kivuko, giza, dereva aliyekuja kwa mwendo ambao hakuna kitu pale cha kumpunguza. Wakati: uzito wa lori na kilomita ngapi kwa saa. Baada: nani alimbeba, kwa chombo gani, alifika hospitali baada ya dakika ngapi. Uzembe wake, kama upo, unakaa kwenye kisanduku kimoja kati ya tisa. Mhandisi akisoma rejista hana cha kutengeneza, maana huwezi kumtengeneza marehemu. Akisoma jedwali lako ana kazi tatu za wiki moja: rangi, taa na kuhamisha ubao.

Mwendo nao upime. Hutahitaji tochi ya trafiki. Weka alama mbili umbali wa mita 100, saa ya simu mkononi. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo sheria yetu kwenye makazi, linapita mita hizo kwa sekunde 7.2. Likipita kwa sekunde 5, liko kwenye kilomita 72. Kidole chako kikichelewa sekunde 0.3 unakosea kama kilomita 2 tu hapo kwenye 50, inavumilika. Ukiweka alama kwa mita 50 kosa linakuwa maradufu, kwa hiyo usifanye uvivu wa kutembea. Na usidhani kilomita mbili tatu ni kitu kidogo: mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4.

Na hili ndilo la Profesa kulipenda, kwa sababu ni hesabu. Kijana wako alifariki siku ya kumi na moja. Kimataifa anayefariki ndani ya siku 30 kwa sababu ya ajali anahesabiwa kuwa amekufa kwa ajali. Kaangalie kama rejista ya kituo inamtaja kama marehemu au bado yumo kama majeruhi. Halafu fanya hivyo kwa wote wa mwaka mmoja. Tuseme polisi wana vifo 40, hospitali ina 30, na waliomo kote kuwili ni 15. Zidisha 40 kwa 30, gawanya kwa 15, unapata 80. Majina unayoyaona ni 55, kwa hiyo makadirio ni kwamba 25 hawapo kwenye daftari lolote. Watafiti wa samaki na wa wanyamapori wanahesabu hivyo siku nyingi: unavua, unatia alama, unaachia, unavua tena.

Lakini kuna mtego, na mwalimu wako kutoka ng'ambo huenda hakuujua. Njia hiyo inataka orodha mbili zisizojuana. Kwetu majeruhi wa ajali kwa mazoea huja hospitali na PF3, ile fomu ya matibabu kutoka polisi. Orodha zako ni ndugu! Aliyeandikwa moja ni rahisi kuandikwa ya pili, kwa hiyo wanaopatikana kote kuwili watakuwa wengi kupita kawaida, na 80 yako itakuwa ndogo kuliko ukweli. Tafuta orodha ya tatu isiyopita kwa afande: serikali ya mtaa, wachimba makaburi, msikiti, kanisa. Ukiandika aya moja tu nzuri juu ya PF3 na hesabu hii, utakuwa umeleta kitu ambacho aliyeko Geneva, makao ya Shirika la Afya Duniani, hawezi kukileta.

Kuhusu kupata rejista yenyewe: usiende tena kuomba huruma. Barua ya chuo iende kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, nakala kwa RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa, ikiwa na kibali cha maadili na karatasi moja inayoonyesha safu unazozitaka. "Njoo kesho" mara nyingi maana yake ni "sijui nani atalaumiwa nikikupa". Barua inamwondolea afande lawama. Na ukimaliza, rudi ukamwonyeshe yeye kwanza, kabla ya gazeti.

Profesa usibishane naye. Umeshajaza 211, zimebaki 173, zijaze. Usibadilishe maswali katikati, utaharibu zote. Kisha nenda kwake asubuhi, kabla hajachoka, na karatasi moja: upande wa kushoto asilimia 96, upande wa kulia hesabu yako ya macho ya wiki mbili. Usimwambie dodoso ni baya. Mwambie, "Prof, shikamoo, nimepata kitu sikielewi, naomba unisaidie." Mzee wa takwimu akiona tofauti kama hiyo hawezi kuiacha. Atakachokiongeza mkipeleke kwanza kwenye kamati ya maadili. Siku hiyo hiyo, kwa upole, muulize nani atakuwa mwandishi wa kwanza na muandikiane hata kwa barua pepe. Na jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku saba ukilipa, likimbie, hata kama jina lake lina neno "Kimataifa".

Sasa huyo mwenzako wa vumbi. Ana haki kidogo. Fedha za barabara ni chache na huja kwa msimu. Ila watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023, asilimia 92 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi. Umoja wa Mataifa umejiwekea kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030. Nchi isiyojua waliokufa ni 55 au 80 itajuaje kama imefika nusu? Hiyo ajira haijatangazwa, lakini ipo.

Na kwetu kazi nzuri imeshafanyika. Kenya walibandika stika ndani ya matatu kwa bahati nasibu, zikimwambia abiria azushe, amkemee dereva anayekimbiza gari. Watafiti hawakutegemea kumuuliza abiria kama alizusha. Walifungua madai ya bima: kwenye magari yenye stika yalipungua kwa robo hadi theluthi. Dar es Salaam nako njia za miguu, vivuko na matuta viliwekwa kuzunguka shule za msingi, kisha timu ikaenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani kaumia, badala ya kungoja rejista. Majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo. Mradi huo, SARSAI, ukapata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI (World Resources Institute), taasisi ya utafiti, mwaka 2019. Unaona wenzako walivyochagua cha kupima? Dai la bima halina haya mbele ya dada mwenye kishikwambi.

Mkianza kuhesabu, msimame ng'ambo ya mtaro, viakisi mwilini, na msiupe mgongo upande magari yanakotokea. Mwenyekiti wa mtaa na mwenyekiti wa kijiwe wapewe taarifa jana yake. La sivyo, mtu aliyesimama barabarani na kalamu na saa atadhaniwa ni wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na kufikia saa nne kofia zote za Pwani zitakuwa vichwani.